Chupa Niliyoimwaga: Miaka Miwili ya Kujifunza Wiski ya Moshi Dar es Salaam

Chupa ya kwanza ya wiski ya moshi niliyowahi kuimiliki niliimwaga kwenye sinki la jikoni, nyumbani kwangu Tabata, nikiamini kwamba imeharibika. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Naanza na kisa hicho kwa sababu ndicho kinachonisukuma kuandika: lau kama angekuwepo mtu wa kunieleza mapema nilichokuwa nimekishika mkononi, ningekiokoa kinywaji kile, ningeziokoa fedha nilizotumia baadaye kukitafuta tena, na nisingemwandikia aliyenipa zawadi hiyo ujumbe ambao hadi leo nikiukumbuka naona haya.

Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, na kwa miaka mingi kinywaji changu cha jioni kilikuwa bia, na siku za sherehe Konyagi iliyochanganywa na soda ya tangawizi. Mwishoni mwa mwaka 2022, mhandisi mmoja wa meli, Mskoti, ambaye nilikuwa nimemsaidia kufuatilia vipuri vilivyokwama, aliniachia Laphroaig ya miaka 10, chupa ya kijani yenye lebo nyeupe. Hakunieleza chochote juu yake. Nadhani aliona si jambo la kuelezwa.

Jumamosi iliyofuata nilimkaribisha shemeji yangu pamoja na rafiki zangu wawili. Nikajaza glasi barafu, nikamimina wiski, nikaongeza Koka. Shemeji alipeleka glasi mdomoni, akairudisha mezani kabla hajanywa, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kumwumiza mwenyeji wake, “Shemeji, hii umeinunua duka la dawa?” Wenzake wakacheka. Mke wangu akatokeza kutoka jikoni akiuliza ni nani aliyemwaga Dettol sebuleni. Mimi mwenyewe nilimeza funda moja na kusikia bandeji, majivu na chumvi, mambo matatu ambayo hayapatani na Koka hata kidogo. Chupa ikarudi kabatini. Baada ya miezi miwili nikaamua kwamba joto la ndani ya kontena lilikuwa limeiharibu, nikaimwaga, na siku mbili baadaye nikamwandikia mhandisi yule kwa adabu zote kumweleza kwamba zawadi yake kwa bahati mbaya ilifika ikiwa imeoza. Alinijibu kwa sentensi moja tu: ndivyo inavyopaswa kunukia.

Nilichokuwa sikijui ndicho nitakachokieleza sasa. Wiski ya kimea hutengenezwa kwa shayiri iliyolowekwa majini hadi ikachipua, kisha ikakaushwa ili isiendelee kukua. Yeyote aliyeona ulezi wa mbege ukioteshwa Uchagani ataielewa hatua hiyo bila kuelezwa mara mbili, maana kimea ni kimea. Tofauti iko kwenye moto wa kukaushia. Katika kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti, ambacho jina lake hutamkwa “Aila”, kuni zilikuwa adimu, kwa hiyo watu wa huko tangu zamani walichimba piti, yaani tabaka la nyasi na mimea ya kinamasi iliyorundikana bila kuoza kabisa, wakaikausha na kuichoma kama sisi tunavyochoma makuti na vifuu kwa sababu ndivyo vilivyo karibu. Tabaka hilo huongezeka kwa takriban milimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo anayechoma bonge lililotoka kina cha mita 1 anachoma kitu chenye umri wa miaka 1,000 hivi. Moshi wake hubeba kemikali za jamii ya fenoli, ambazo hushika kwenye maganda ya shayiri ikiwa bado na unyevu, na sehemu yake huvumilia kuchachushwa, kunerekwa, yaani kuchemshwa hadi mvuke na mvuke huo kupozwa uwe kinywaji, na kulazwa kwa miaka ndani ya mapipa ya mwaloni. Miongoni mwa kemikali hizo imo gwayakoli, yenye harufu ya kuni zilizoungua, na zimo kresoli, ambazo zilitumika katika dawa za kuua vijidudu. Shemeji yangu, basi, hakuwa amekosea.

Nilikaa miezi saba bila kuigusa tena. Kisha siku moja ya kusi, mwaka 2023, nilikwenda Kunduchi kumfuata fundi wa majahazi aliyekuwa akitengeneza mashua ya mteja wangu. Maji yalikuwa yamekupwa na mashua imelazwa ubavu juu ya magogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, “Marahaba mwanangu, sogea upande huu, huko moshi utakuumiza macho.” Vijana wake walikuwa wamewasha makuti makavu na kuyapitisha chini ya mashua ili kuua wadudu wanaotoboa mbao, kando yao kulikuwa na kopo la sifa, yale mafuta ya ini la papa, pamoja na deheni ya kupaka chini ya chombo, na mwani ulioachwa na maji ulikuwa ukinuka juani. Nilisimama pale nikapumua, nikajikuta nipo sebuleni kwangu, nimeshika glasi. Moshi, chumvi, mafuta, mwani, na ule ukali wa dawa unaopanda puani: vyote vilikuwemo katika chupa niliyoimwaga. Na pale ufukweni harufu ile ilinipendeza sana. Mzee yule ni mtu wa swala tano, kwa hiyo sikumweleza kwa nini nilikuwa nacheka peke yangu.

Nikiwa kwenye daladala ya kurudi mjini nilijiuliza kwa nini harufu moja inifurahishe ufukweni na kunitisha ndani ya glasi, na jibu nililolipata ndilo lililoongoza kila nilichofanya baadaye. Pua yangu ilikuwa inaijua harufu ile tangu utotoni. Nimezaliwa Moshi, na utani kuhusu jina hilo nimeusikia wa kutosha. Nimelala katika jiko la bibi yangu ambamo mahindi ya mbegu yalining'inizwa juu ya mafiga hadi yakawa meusi. Nilichokosa ni kuyaruhusu maarifa hayo yaingie kwenye kinywaji, kwa sababu niliamini kwamba wiski ina lugha yake ya kigeni ambayo mtu kama mimi lazima kwanza aikariri.

Hata hivyo, kuelewa jambo si sawa na kuwa na subira nalo, na kosa langu lililofuata lilikuwa la pupa. Nilikwenda baa moja ya Masaki yenye rafu ndefu ya chupa za Uskoti, nikaagiza toti saba tofauti kwa usiku mmoja, shilingi 25,000 kila moja. Nilikuwa nikiandika maoni yangu kwenye simu. Kesho yake niliyasoma: toti ya kwanza ilikuwa na sentensi mbili zenye maana, ya pili sentensi moja, na kuanzia ya tatu niliandika “moshi”, “moshi”, “moshi”, kisha “moshi sana”, na ya saba sikuiandika kabisa. Nilikuwa nimetumia shilingi 175,000, bila kuhesabu teksi, nikaamka na kichwa kizito, nikachelewa miadi ya saa mbili asubuhi bandarini, na mke wangu akakaa siku mbili akinijibu kwa neno moja moja. Sikujifunza chochote isipokuwa kwamba pua huchoka mapema kuliko mfuko. Fenoli hasa huizoesha pua upesi. Ukishakunywa ya moshi mkali, inayoifuata haina nafasi ya kujieleza. Tangu siku hiyo sinywi zaidi ya glasi mbili, ndogo, na huwa mbili kwa makusudi, kwa sababu kinywaji kimoja ukikionja peke yake hukuambia machache, lakini viwili vikiwekwa pamoja kila kimoja humsema mwenzake.

Kosa la tatu lilikuwa la kuamini namba. Wapenzi wa wiski hizi huzungumzia kiwango cha fenoli kwa sehemu kwa milioni: Bowmore iko kwenye 25 hivi, Lagavulin 35, Laphroaig 40 na kitu, Ardbeg 55, na Octomore huanzia 80 na imewahi kupita 300. Mimi, ambaye kazini naishi kwa tarakimu, nilidhani nimepata ngazi ya kupanda: yenye namba kubwa ndiyo yenye moshi mwingi. Nikalipa shilingi 60,000 kwa toti moja ya Octomore nikitarajia kuunguzwa, nikakuta kinywaji laini kuliko nilivyodhani, chenye moshi mwingi ndiyo, lakini mtamu na uliopangika vizuri. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba namba ile hupimwa kwenye kimea kilichokaushwa, kabla hakijafika kwenye mtambo, na kwamba sehemu kubwa ya fenoli hupotea njiani. Umbo la mtambo wa kunereka lina usemi wake. Wakati ambao mneraji anaacha kukusanya nao una usemi, maana fenoli nyingi hutoka kuelekea mwishoni, kwa hiyo anayekata mapema hupata kinywaji chepesi. Na miaka ndani ya pipa huupunguza moshi pole pole. Ushahidi mzuri kuliko wote ni Lagavulin na Caol Ila. Zote hutumia kimea kutoka kiwanda cha kimea cha Port Ellen, kisiwani humo humo, chenye kipimo kinachokaribiana, lakini ya kwanza ni nzito na tamu kama moshi ulioshika nguo za sufi, na ya pili ni nyepesi, yenye mafuta kidogo na uchachu wa limau, kama samaki aliyebanikwa asubuhi na mapema. Nilinunua toti moja ya kila aina nikaziweka kando kando, na shilingi 50,000 za jioni hiyo zilinifundisha kuliko zile 175,000.

Kilichoniokoa kifedha ni upatu. Tulikuwa wanne: mimi, jirani yangu, mwalimu mmoja wa sekondari na yule shemeji wa duka la dawa, ambaye alijiunga kwa ajili ya kunicheka na akaishia kuwa mkali kuliko sisi sote. Kila baada ya miezi miwili kila mmoja alitoa shilingi 60,000, tukanunua chupa moja ya mililita 700, na mwenye zamu ndiye aliyechagua. Tuliigawa siku ile ile katika vichupa vinne vya kioo, mililita 175 kila mtu, vikiwa vimejaa hadi shingoni na kufungwa vizuri. Kujaza hadi shingoni kuna sababu yake: hewa inapokuwa nyingi kuliko kinywaji, harufu hufifia kadiri miezi inavyopita, na moshi ni miongoni mwa mambo yanayopoa mapema. Kama una chupa kubwa iliyobaki robo, usiitunze kwa ajili ya mgeni wa mwakani. Na chupa isimame wima mbali na dirisha. Si kama mvinyo unaolazwa, kwa kuwa pombe yenye nguvu ya asilimia 40 na zaidi hula kizibo.

Chupa ya tatu ya upatu wetu ilikuwa ya hasara, na ni mimi niliyeileta. Mtu mmoja niliyekutana naye katika shughuli zangu alinipa chupa yenye jina kubwa kwa shilingi 140,000, wakati madukani ilikuwa inauzwa 240,000 na kuendelea. Nilijiona mjanja. Tulipoifungua haikuwa na moshi hata wa njiti ya kibiriti. Ilikuwa sukari iliyoungua na ukali mtupu wa kuwasha koo. Ndipo mwalimu alipochukua simu yake kuhakiki stempu ya kodi ya TRA iliyobandikwa shingoni, nayo haikusomeka. Hatukuinywa, kwa kuwa pombe isiyojulikana ilikotoka inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na huua. Nilirudisha kwenye upatu fedha zote za chupa ile kutoka mfukoni mwangu. Mtu anayefanya kazi ya forodha kuuziwa bidhaa isiyolipiwa kodi ni jambo ambalo shemeji hajachoka kulisimulia.

Sasa nifike kwa mwalimu wangu wa kweli, ambaye hanywi pombe na hajawahi kunywa.

Mke wangu ni mtu wa Tanga. Nyumbani kwao chetezo hakikauki makaa: udi wa kufukizia nguo, ubani wa jioni, na mtungi wa maji ya kunywa ambao mama yake huufukiza kabla ya kuujaza. Jioni moja nilikuwa nimekaa na glasi ya Talisker pamoja na daftari, nikijaribu kuandika yale niliyokuwa nimeyasoma kwenye kasha, maneno kama “pilipili nyeusi” na “matunda makavu”, bila kuyasikia kwa dhati. Akapita, akainama, akanusa. “Hii si kama ile ya kwanza,” akasema. “Hii ina moshi wa makaa yaliyomwagiwa maji ya chumvi. Kama pale Raskazone wanapozima moto wa kuchomea samaki.” Nikanusa tena, na kweli, lilikuwa pale pale, wazi kama sauti ya mtu aitaye kwa jina. Talisker hutengenezwa katika kisiwa kingine, Skye, na sijui nani mwingine angeieleza vizuri zaidi.

Kuanzia hapo tulifanya hivyo kila juma. Yeye ananusa, mimi nanusa na kuonja, kisha kila mmoja anasema kabla ya kumsikia mwenzake. Daftari langu likabadilika kabisa. Bowmore ya miaka 12: ubani uliozimwa, na harufu ya embe dodo lililoanza kulainika. Caol Ila: ganda la limau, na mafuta ya taa kwa mbali, kibatari kilichopulizwa sasa hivi. Ardbeg ya miaka 10: kahawa chungu ya mitaani, ile ya kwenye mdila, na lami mpya. Highland Park, ambayo hutoka visiwa vya Orkney, ambako piti imejengwa na kichaka kiitwacho hedha na karibu hakuna mti: moshi mtamu wa asali, kama mzinga uliofukizwa. Lagavulin ya miaka 16: jiko la bibi yangu, na hapo sikuwa na la kuongeza. Maneno yale yaliyochapishwa kwenye makasha ni kumbukumbu za watu wengine, waliokulia penye matunda na vyakula vingine. Yana ukweli wao, lakini ukijilazimisha kuyasikia utaishia kuigiza. Anza na moshi ulioujua mwenyewe. Nilitumia hata majuma mawili kunusa vitu sokoni kwa makusudi: kambare wa moshi, iliki, karafuu, sandarusi, ngozi kwa mshona viatu, iodini kwenye duka la dawa. Watu walinitazama, lakini pua ilinishukuru.

Ulimi wenyewe unatambua mambo machache tu, yaani utamu, uchumvi, uchachu, uchungu na ladha ile nzito ya mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda puani kutoka nyuma ya kinywa. Ndiyo maana mtu mwenye mafua hana haja ya kufungua chupa yake nzuri. Ndiyo maana pia kuna namna ya kunusa: usizamishe pua ndani ya glasi kama unavyonusa asumini, utaunguzwa na kilevi, ishike chini ya kidevu, fungua kinywa kidogo, iache harufu ije yenyewe. Funda la kwanza ni la kukizoesha kinywa, na usilihukumu. La pili likae mdomoni kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Baada ya kumeza, pumua kwa pua kinywa kikiwa kimefungwa, na hapo moshi hurudi kwa umbo jingine, mara nyingi mtamu kuliko ulivyoingia.

Dar es Salaam ina taabu zake ambazo maelekezo ya Wazungu hayazitaji. Wanaposema kinywaji kiwe katika joto la chumba, wanamaanisha chumba chao, si sebule ya Tabata mwezi Februari yenye nyuzi 31. Katika joto hilo kilevi huruka kwanza na kuziba kila kitu. Mwanzoni nilikimbilia barafu, nayo ikafanya kinyume: ikaiua harufu, ikabakiza uchungu wa majivu. Nilichokuja kukiona kinafaa ni kuiweka glasi tupu kwenye friji kwa dakika kumi, kuitoa, kuifuta, kisha kumimina mililita 20 hivi na kusubiri. Glasi iwe na tumbo pana na mdomo mwembamba. Kwa miezi sita nilitumia kiglasi cha chai ya rangi chenye kiuno, na kilifanya kazi bila malalamiko.

Maji ni suala jingine. Matone machache ya maji huifungua wiski, na jambo hili si ushirikina: mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba wiski inapopunguzwa makali kwa maji, gwayakoli hukaa karibu zaidi na uso wa kinywaji, mahali ambapo pua inaifikia. Lakini ni maji gani? Mimi niliongeza ya bombani, na kinywaji kikageuka wodi ya hospitali. Klorini ikikutana na fenoli huzaa kemikali zenye harufu kali zaidi ya dawa, na ndicho nilichokitia kwenye glasi kwa mkono wangu. Ya kisima ya jirani yalikuwa na chumvi. Tumia maji ya chupa, kwa kijiko cha chai, tone kwa tone, kwa sababu ukishayazidisha huwezi kuyatoa.

Kuhusu chakula sitakawia. Mishkaki yenye pilipili iliyotangulia huufunga ulimi kwa saa nzima. Korosho zilizochomwa zinafaa sana, pweza wa kuchoma bila pilipili anafaa, na chaza mbichi mwenye matone ya wiski ya Islay juu yake ni jambo ambalo nililifanya mara moja nikataka kumpigia simu mhandisi yule. Siku ya kuonja usijipake marashi. Mwalimu alikuja siku moja amejifukiza udi kutoka harusini, na sote wanne tukaandika “udi”.

Kama rafiki angeniomba nimpangie njia, ningemwanzishia Johnnie Walker Black Label, ambayo ni mchanganyiko wenye moshi wa mbali na hupatikana karibu kila baa ya mjini hapa, ili aizoeshe pua kuutafuta moshi badala ya kuukimbia. Kisha Talisker, kisha Bowmore na Caol Ila zikiwa bega kwa bega. Zile za kusini mwa Islay, yaani Lagavulin, Ardbeg na Laphroaig, ambazo viwanda vyake vimepangana kando ya barabara moja ya pwani, ningemwambia azisubiri miezi sita. Mimi nilianzia kwenye barabara hiyo hiyo, na nimeshaeleza kilichotokea. Aagize toti kwanza, kabla ya kununua chupa. Na mwezi wowote akijikuta anatafuta sababu ya kunywa badala ya kutafuta harufu, afunge kabati. Niliwahi kufika hapo mwishoni mwa mwaka 2024, wakati kazi ilikuwa mbaya, na nilikaa siku 40 bila tone. Daftari lilinionyesha kabla mimi sijakiri: kurasa nzima za tarehe bila neno lolote la kuonja.

Fedha nimezihesabu, kwa kuwa nilijua mke wangu angeniuliza. Miaka miwili ya upatu ni shilingi 720,000. Toti za baa, pamoja na ule usiku wa upumbavu, ni kama 450,000. Zile nilizorudisha za chupa bandia ni nyingine 140,000, kwa kuwa niliona haya kumwacha yeyote achangie kosa langu. Jumla inakaribia ada ya mihula miwili ya mtoto wetu Neema. Sikuupenda mlinganisho huo nilipoufanya, na siupendi sasa, na tangu hapo upatu wetu ni chupa mbili tu kwa mwaka.

Juni 2025 zamu ya kuchagua iliniangukia tena. Nilichagua Laphroaig ya miaka 10. Tulipogawana nikarudi nyumbani na kichupa changu, nikamimina kidogo, nikampa mke wangu glasi bila kumtajia jina wala kumwonyesha lebo. Alinusa. Akanusa tena, akaiweka mezani na kunitazama.

“Baba Neema,” akasema, “hii ndiyo ile uliyoimwaga.”

Nikamsogezea daftari, aandike yeye.